Mkono Unaopimwa: Kutoka Uzio wa Mwadui hadi Chumba cha Upasuaji

Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, palikua mji uliozungushiwa uzio. Uzio huo ulikusudiwa kulinda mawe. Mkono wa mfanyakazi ulitazamwa kwa shaka.

Miongo mitatu hivi kabla ya hapo, Frank Gilbreth wa Marekani, aliyeanzia katika kazi ya uashi, aliutazama mkono kwa jicho jingine. Alipiga filamu za madaktari wakipasua, akachambua miondoko yao. Aliona kuwa daktari alipoteza muda akitafuta vifaa, akapendekeza muuguzi amkabidhi kila kifaa mkononi. Karne hiyo ilipokaribia kuisha, watafiti wa Chuo cha Imperial, London, walifunga vihisio vya sumakuumeme juu ya migongo ya viganja, wakapima idadi ya miondoko, urefu wa njia na muda. Ilidhihirika kuwa mpasuaji mzoefu hutumia miondoko michache kuliko mwanagenzi.

Hata hivyo, uchache wa miondoko si umahiri kamili: fundo lililofungwa upesi laweza kulegea. Aidha, mwili wa mpasuaji nao huumia. Katika upasuaji wa matundu madogo, meza ikiwa juu mno, mabega huinuka na kuchoka.

Kwa Kanda ya Ziwa, ambayo ina hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, hoja ya msingi ni matumizi ya kipimo. Kikitumiwa kumshuku mwanagenzi, kitaurudisha uzio wa Mwadui. Kikitumiwa kumfundisha na kumlinda, kitamfaa yeye pamoja na mgonjwa wake.