Pazia, Bahasha na Simu: Historia ya Picha ya Safari katika Uchumba wa Temeke

Picha ya safari humwonyesha mtu akiwa mbele ya mahali ambapo si pa kila siku: ufukweni, melini, kando ya ndege, chini ya mnara au ndani ya mbuga. Katika uchumba wa miji ya Afrika Mashariki picha ya namna hii imefanya kazi ileile kwa vizazi kadhaa. Humfikia mtu aliye mbali kabla hajakutana na mwenye picha, na kumweleza kwamba huyu ni mtu aliyetembea, mwenye uwezo na mwenye mipango. Leo hukaa kwenye programu za simu za kutafutia wachumba. Zamani ilitumwa ndani ya bahasha, na kabla ya hapo ilizaliwa mbele ya pazia la studio. Temeke, wilaya ya kusini mwa jiji la Dar es Salaam, imezipitia hatua hizo kwa namna yake, kwa sababu ni wilaya ya bandari, ya barabara ya Kilwa na ya watu waliotoka kwingine.

Studio za kwanza za pwani

Ufundi wa picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na haukuchelewa kufika pwani ya Waswahili. Msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, uliozunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848, ulipiga picha kwenye mabamba ya madini. Miongo miwili baadaye Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja, na biashara yake ikaja kuwa na tawi Dar es Salaam. Wagoa wengine walimfuata katika kazi hiyo, wakiwemo ndugu wa ukoo wa Coutinho. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Dar es Salaam ilikuwa na wapiga picha kama C. Vincenti na Walther Dobbertin.

Kazi nyingi za wakati huo ziliuzwa kwa wageni kama kadi za posta. Waafrika walionekana humo bila majina, kama mfano wa kabila au wa kazi fulani. Walipigwa picha, lakini picha hazikuwa zao. Tofauti hiyo Kiswahili kinaieleza vizuri. Mteja anayetoka studio husema "nimepiga picha", ingawa kamera ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Aliyechagua nguo, akapanga pozi na akalipa ndiye mwenye kitendo. Historia ya picha ya uchumba inaanza pale watu wa kawaida wa pwani walipoanza kupiga picha kwa maana hiyo.

Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye ikaendeshwa na mwanawe Rohit. Studio hiyo ilipiga picha za jumba la Sultani pamoja na za familia za mtaani. Katika studio za aina hii mteja alisimama mbele ya pazia lililochorwa. Mapazia ya mwanzo yalifuata mtindo wa Ulaya, yakiwa na nguzo, ngazi za mawe na bustani. Mtu aliyeingia kutoka kwenye kichochoro cha mji alipelekwa, kwa dakika chache, mahali ambapo hakuwahi kufika. Hiyo ndiyo asili ya picha ya safari, na ilitangulia safari yenyewe.

Mombasa, Lamu na kivuko cha Likoni

Ufundi huu ulikua sana katika pwani ya Kenya. N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa, aliwapanga vijana na wachumba kwa mikao ya nyota wa filamu za Kihindi, huku taa zikitoka ubavuni na macho yakitazama mbali. Lamu, Omar Said Bakor alijifunza kazi mwenyewe na kuanzisha Bakor Studio. Alikata na kuunganisha negativu mpaka sura ya mteja ikachomoza ndani ya ua. Miaka mingi kabla ya kompyuta, alikwisha kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwekwa popote.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa wapiga picha wa kivuko cha Likoni, waliopata umaarufu katika miaka ya 1980 na 1990. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta kazi. Vibanda vyao vilipambwa kwa maua ya plastiki na mapazia yenye meli, ndege, hoteli za ghorofa na wanyama wa mbuga. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend aliandika kwa kirefu kuhusu vibanda hivyo, na pazia la Likoni likajulikana nje ya Afrika. Meli halisi ilikuwa ikipita hatua chache kutoka hapo, lakini mteja alichagua meli ya rangi. Meli ya pazia ilikuwa kubwa na safi, na ilielekea alikotaka kwenda.

Kati ya mpigaji, mteja na mpokeaji hapakuwa na udanganyifu. Mama aliyepokea picha kijijini aliujua mchoro alipouona. Ndege iliyochorwa ilisomwa kama nia: mwanangu anawaza mbali, na anazo fedha za kulipia picha. Yule aliyeletewa posa alisoma vivyo hivyo.

Temeke: mji wenyewe kama safari

Temeke ilikua kama mtaa wa wafanyakazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika katika maeneo kadhaa ya Dar es Salaam, Temeke ikiwemo. Ukaribu wa bandari, viwanda vya Chang'ombe na barabara iendayo kusini uliwaleta watu kutoka Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara wakae pamoja na Wazaramo wenyeji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,368,881 Temeke, kati ya 4,364,541 wa mkoa mzima.

Kwa kijana aliyetoka kusini, kufika Dar es Salaam ndiko kulikuwa safari. Hakuhitaji kwenda mbali zaidi ili apate picha ya kutuma nyumbani. Alitosheka na studio ya mtaani, suti ya kuazima, saa mkononi na redio pembeni. Siku za Idi na za maonyesho zilikuwa za mavuno kwa wapiga picha. Viwanja vya Sabasaba, kando ya barabara ya Kilwa, vilitoa mabanda na umati unaoonyesha kwamba mtu yuko mjini kwelikweli. Kigamboni, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Temeke hadi katikati ya muongo wa 2010, ilitoa feri, bahari na mchanga. Upande wa pili wa maji yaonekana majengo ya mji, na picha iliyopigwa hapo ilibeba bahari na ghorofa kwa pamoja.

Ufundi wa filamu ulikuwa na masharti yake. Filamu ya ukubwa wa 120 ilitoa picha 12 za mraba, na ile ya milimita 35 ilitoa 36. Mpiga picha mwenye mtaji mdogo hakuisafisha filamu kabla haijaisha, kwa hiyo mteja alingoja siku kadhaa, wakati mwingine wiki, bila kujua kama alifumba macho. Nafasi ilikuwa moja, na ndiyo maana pozi lilipangwa kwa makini: mwili upande kidogo, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni au juu ya kiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni, bidhaa kutoka nje ziliadimika. Milango ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 bidhaa zilianza kurudi madukani, na kadiri miaka ilivyosonga picha za rangi zikachukua nafasi ya nyeusi na nyeupe.

Picha iliyokuwa tayari iliandikwa nyuma jina, tarehe na neno "ukumbusho", ikatiwa ndani ya bahasha pamoja na barua. Nyingi zilikwenda kwa mkono wa msafiri. Njia ya kusini ilikuwa ngumu. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mvua zilipozidi watu walikwama njiani. Picha iliyofika baada ya safari hiyo ilikuwa na uzito. Ilizungushwa kwa shangazi na wajomba kabla mshenga hajapeleka posa. Picha ya binti haikutoka kirahisi. Familia nyingi za pwani ziliiona kama sehemu ya heshima yake, na aliyempa kijana picha yake alikuwa amempa ahadi. Uchumba ukivunjika, picha ilidaiwa irudi.

Bandari iliongeza aina nyingine. Mabaharia, na vijana waliozamia melini, walifika Afrika Kusini, Ugiriki na kwingineko. Picha kutoka ng'ambo ilikuwa na kitu ambacho pazia halikuwa nacho, yaani mahali halisi. Hapo ndipo picha ya safari ilipoanza kugeuka kutoka nia kuwa ushahidi.

Kompyuta, intaneti na simu

Mwanzoni mwa karne ya 21 studio zilipata kamera za dijitali na programu za kuhariri picha. Pazia la kitambaa likabadilishwa na mandhari ya kompyuta: maporomoko ya maji, jumba lenye bwawa, mnara wa Paris. Mteja alikatwa na kubandikwa, kama Bakor alivyofanya kwa mkono. Ukingo wa nywele na vivuli visivyolingana viliwajulisha watazamaji ukweli, na wengi walizipenda picha hizo kwa roho ileile ya pazia.

Mwezi Julai 2009 mkonga wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukipitia Dar es Salaam, na intaneti ya simu ikaenea miaka iliyofuata. Mitandao ya kukutanisha watu kama Badoo, iliyoanza 2006, na Tinder, iliyoanza 2012, ilimpa kila mtumiaji ukurasa wake. Picha chache na mistari michache zilichukua nafasi ya bahasha, barua na sehemu ya kazi ya mshenga. Mtazamaji huamua kwa sekunde, na aghalabu hamjui mtu yeyote katika ukoo wa anayemtazama. Ndiyo sababu picha ya safari imekuwa na thamani kubwa kuliko zamani: inasema kwa haraka yale ambayo jirani au shangazi angeyaeleza.

Ujuzi wa studio haukupotea. Ulihamia ufukweni. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na jua la mchana hukaa karibu na utosi. Kivuli huangukia machoni, na uso wenye ngozi nyeusi hupoteza umbo lake mbele ya bahari inayong'aa. Kwa hiyo wapiga picha hupendelea asubuhi na baada ya alasiri, humsimamisha mtu mwanga umjie ubavuni, na hupima mwangaza kwa uso badala ya anga. Tatizo hili lina historia pana. Filamu za rangi za karne ya 20 zilisawazishwa kwa kadi za mfano za Kodak zilizokuwa na sura za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ziliumia kwa hilo. Kampuni ya China ya Transsion, yenye simu za Tecno, Infinix na itel, ilijijengea soko Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi.

Mahali pa kupigia picha napo pameongezeka. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016 na kurahisisha safari za fukweni. Treni ya mwendokasi iendayo Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, iligeuka mara moja kuwa mahali pa kupigia picha, kitini na dirishani. Safari ya siku moja kwenda Mikumi au Bagamoyo humpa mtu picha za kutumia kwa miezi mingi. Picha inayovutia zaidi kwa kawaida ni ile inayoonyesha uso vizuri, mtu akiwa anafanya jambo na mahali pakitambulika. Miwani ya jua, umbali mrefu na kundi la marafiki huficha kile ambacho mtazamaji anakitafuta.

Mkataba uliovunjika

Badiliko kubwa liko katika namna picha inavyosomwa. Pazia lilijitangaza kuwa pazia. Picha ya simu hudai kuwa kweli, hata inapokuwa imepigwa kwenye gari la mtu mwingine au imeibwa kwenye ukurasa wa mgeni. Matapeli wa mapenzi hutumia picha za watu wengine kujenga sura ya tajiri msafiri, kisha huomba nauli au fedha za dharura. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, picha yake ikiwemo. Watumiaji nao wana kinga zao: huomba simu ya video, huuliza jambo dogo kuhusu mahali panapoonekana, na hukutana kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Uchumba ukikomaa, desturi ya zamani hurejea. Mshenga hutumwa, barua ya posa huandikwa, na wazee huulizana ukoo na makazi. Picha humfikisha mtu mlangoni. Maswali ya ndani hujibiwa na watu.

Studio za mtaani za Temeke zimebaki na kazi nyingine. Hupiga picha za pasipoti saizi kwa ajili ya fomu za shule, za ajira na za viza, na huchapisha picha ambazo wateja wamekwisha kupiga kwa simu zao. Kitambaa kinachoning'inia ukutani sasa ni cheupe au cha buluu, bila meli wala ndege juu yake. Anayekaa mbele yake hutakiwa kufumba mdomo na kutazama kamera, na kwa baadhi ya wateja picha hiyo ndiyo itakayowapeleka kwenye safari yenyewe.