Nani Ameshika Funguo?

Mwaka 1984 Adi Shamir alipendekeza kwamba jina au anwani ya mtu itoshe kumfungia ujumbe wa siri; ufunguo wa kuufungua angepewa na msimamizi anayeaminiwa. Njia ilipatikana baada ya miaka 17: mwaka 2001 Dan Boneh na Matthew Franklin walitoa yao, na Clifford Cocks wa Uingereza akatoa yake. Mwaka 2002 Craig Gentry na Alice Silverberg waliupanga mfumo kwa ngazi, kila ngazi ikitoa funguo kwa walio chini yake.

Ngazi zilimpunguzia mkuu kazi, si mamlaka: bado aweza kusoma barua za wote. Ndiyo maana mimi, kabla ya kusifu kufuli, huuliza nani ameshika funguo.