Wakala anahama au inahama?

Bukavu, Kifaransa kimetupa «ajenti», na kwa wengi huyo ni mtumishi wa serikali. Tanzania, wakala ni mwenye kibanda cha M-Pesa. Tena ni taasisi nzima, kama Wakala wa Barabara. Wataalamu wa mitandao nao wana maana yao. Katika SNMP, itifaki ya mwaka 1988 ya kusimamia vifaa vya mtandao, wakala hukaa ndani ya kifaa akingoja kuulizwa na kompyuta kuu. Miaka ya 1990 likaja wazo jingine, la Telescript ya General Magic na Aglets ya IBM: programu ihame yenyewe, ifanye kazi kifaani, irudi na jibu tu. Kwa shirika lenye ofisi Ibanda, Kadutu na Bagira, na intaneti ya kusuasua, faida iko wazi. Ila nani atamfungulia mgeni mlango wa seva yake? Hofu hiyo ilichangia wazo lisienee.

Kwa jina la programu hiyo inayohama, wapo wanaoweza kupendekeza «tarishi». Hapana: tarishi hubeba barua asiyoifungua, huyu hutenda. Nachagua «wakala mhamaji», naye anahama. Wakali wa sarufi wanaotaka «inahama» waandike «programu».