Kilima cha Ishango na Vijiji Vyake

Msafiri atokaye Butembo kwa njia ya Kyondo hushuka milima hata kufika Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edouard. Upande wa mashariki wa kijiji hicho, pale mto Semliki unapotoka ziwani, ndipo Ishango. Kilima chenyewe ni kidogo. Mtu wa Kyondo, aliyezoea milima ya kweli, pengine asingekiita kilima.

Katika parokia zetu tumezoea kuanza historia kwa mwaka 1929, walipofika Mapadri wa Asunsio. Ishango yatulazimu kurudi nyuma zaidi.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale, akaona vyusa vya mfupa, mifupa ya samaki, na kijifupa kimoja chenye urefu wa sentimeta 10 hivi, kimetiwa kijiwe kikali nchani. Kimechanjwa alama katika safu tatu. Ya kwanza ina 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9, jumla 60 tena. Ya tatu jumla yake ni 48. Wengine husema ni hesabu, wengine ni kalenda ya mwezi. Ubishi huo siuamui. Yatosha kwamba mtu aliketi akachanja kwa mpango, yapata miaka 20,000 iliyopita. Na huko Katanda, kwenye ukingo wa Semliki, vimechimbwa vyusa vinavyokadiriwa kuwa vya kale zaidi tena, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa.

Basi, vijiji vya bondeni viko wapi? Malale yaliwaua watu wengi, na katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji ikawahamisha wenyeji. Mwaka 1935 bonde likaingizwa katika Mbuga ya Albert, iitwayo Virunga tangu 1969. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini ulipopungua, watu hawakurudishiwa nchi yao, na makao ya wavuvi wa kale namna ile yakahesabiwa kuwa pori la wanyama tu. Kyavinyonge kiliruhusiwa kuwa na nyavu zake, na samaki wake hupandishwa mpaka soko la Butembo.

Kijifupa chenyewe kiko Brussels. Walimu wa shule zetu waweza kuzichora safu zile mbili za kwanza ubaoni, maana namba zake nimekwisha kuziandika hapo juu.