Chapa, Muhuri na Risasi

Siku hizi huku kwetu Bukoba na Muleba kurasa za gazeti la parokia au za mtihani wa shule hupangwa kwa kompyuta. Maagizo ya programu hizo mara nyingi ni ya Kiingereza, na mwalimu huombwa ayaandike upya kwa Kiswahili chepesi. Naye hufungua kamusi, akaona maneno matatu yamewekwa pamoja kama ndugu, akachukua lolote. Sisi Wahaya, ambao wengi wetu Kiswahili tulikipata shuleni, twanaswa upesi na mtego huu.

Tulitazame neno chapa. Asili yake ni Uhindi, nalo ni alama iliyogandamizwa juu ya kitu, kama ile ya ng'ombe. Kasisi Mwingereza Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na huko misheni yake ikawa na mtambo ambao vijana walifundishwa kupanga herufi zake moja moja. Kazi hiyo ikaitwa kupiga chapa. Neno likasafiri hata bara: jirani zetu Waganda walilifanya kyapa, na kwao leo hati ya shamba ndiyo iitwayo hivyo.

Katika Biblia ya mwaka 1952 twalikuta tena. Waebrania sura ya 1 yamwita Mwana chapa. Paulo ana chapa za Yesu mwilini mwake, Wagalatia sura ya 6. Na katika Ufunuo 13 mnyama naye ana chapa yake. Lakini kile kitabu cha Ufunuo 5 kimefungwa kwa muhuri saba, wala si kwa chapa. Muhuri hufunga na kuthibitisha. Chapa huacha sura yake. Basi ukimwandikia karani "piga muhuri kurasa zote", usishangae akienda kumtafuta mwenyekiti wa kijiji.

Kuna jozi nyingine yenye hasara kubwa zaidi. Mchapaji ni mwenye mtambo. Mchapishaji ni yule atoaye kitabu kwa watu na kubeba gharama zake. Mkataba ukiwachanganya hawa wawili, mwandishi hatajua amdai nani haki yake.

Programu yenyewe nayo imerithi maneno ya kale. Mwaka 1985 kampuni moja ya Marekani ilitoa PageMaker ya kupangia kurasa, na kampuni hiyo ilijiita Aldus, kwa jina la Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice aliyefariki mwaka 1515. Nafasi iliyo baina ya mistari Waingereza waiita hata leo kwa jina la madini ya risasi, kwa kuwa zamani vipande vyembamba vya risasi vilitiwa hapo. Mwalimu akiandika "ongeza risasi", msomaji atawaza bunduki. Yafaa aseme "panua nafasi ya mistari".

Tena, mistari inapolinganishwa kushoto na kulia, Kiingereza hutumia neno lilelile ambalo kwa Paulo sisi twasema kuhesabiwa haki. Ni tendo jema kwa mwenye dhambi, lakini mstari haukukosa neno. Sisi twaandika "nyoosha kingo zote mbili", ijapokuwa ni maneno manne mahali pa moja.