Yan Taru

Yan Taru ni mtandao wa wanawake walimu na wahubiri wa Kiislamu ulioasisiwa na Nana Asma'u (1793–1864) katika Ukhalifa wa Sokoto, kaskazini mwa Nigeria ya leo.

Chimbuko

Asma'u alikuwa binti wa Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni wa Kifulani aliyeanzisha mwaka 1804 jihadi iliyozaa ukhalifa huo. Shehu aliwakemea waziwazi wanavyuoni waliowafundisha wanafunzi wao huku wakiwaacha wake na mabinti zao gizani. Asma'u alisomea nyumbani, akatunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa.

Vita vilipotulia, Sokoto ilikuwa na wanawake wengi wa vijijini na mateka ambao hawakuijua dini, baadhi wakifuata bori, ibada ya pepo. Walioolewa waliwekwa utawani, na mwanamume asiye maharimu hakuruhusiwa kuingia kuwafundisha. Mlango huo aliweza kuupita mwanamke tu.

Utaratibu

Kila kundi liliongozwa na mwanamke mwenye cheo cha Kihausa cha *jaji*. Alisafiri hadi Sokoto pamoja na wanawake waliokoma uzazi na wasichana ambao hawajaolewa. Asma'u alimpa kiongozi huyo *malfa*, kofia pana ya kusukwa, na kitambaa chekundu cha kuizungushia. Kofia ya aina hiyo ilikuwa ya Inna, mkuu wa bori katika dola ya Kihausa ya Gobir. Sasa ikawa alama ya elimu.

Mafunzo yalikuwa ya mashairi ya kuhifadhi kwa moyo: nguzo za dini, sira ya Mtume, majina ya sura za Kurani na habari za wanawake wacha Mungu. Wakirudi kwao, waliyaghani majumbani, na waliokuwa utawani wakajifunza bila kutoka nje.

Umuhimu

Asma'u hakupanda mimbari wala hakupinga utawa, na utawala ulibaki kwa wanaume. Mahubiri yake pia yaliimarisha dola iliyokuwa na watumwa. Hata hivyo, aliwapa bibi vizee na wasichana dhamana ya kufundisha dini, na elimu ikawafikia wanawake ambao hotuba za msikitini hazikuwafikia. Anayepima daawa kwa mimbari peke yake huwanyima wanawake hawa haki yao katika historia.

Baada ya kifo cha Asma'u, kazi iliendelezwa na dada yake Maryam. Vikundi vya Yan Taru vingali hai kaskazini mwa Nigeria, na mfano wao umefuatwa na Waislamu wa Marekani.