Muhugu
Msitu wa Karura, Nairobi

Mti ulio mbele yako ni muhugu. Geuza jani lake: juu kijani, chini jeupe kama lililopakwa unga. Mbao zake ni ngumu na hunukia vizuri, na sifa hizo ndizo zilizouponza. Wachongaji wa vinyago waliupenda kupita kiasi.

Karura ni msitu wa serikali tangu 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi, na Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa walipokuja kupanda miti. Leo jamii ya jirani inautunza pamoja na Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Adui wa sasa ana maua mazuri: lantana, kichaka kilicholetwa kutoka Amerika ya tropiki. Hutanda chini hadi miche ya asili ikakosa mwanga. Wanaojitolea hawaikati tu, huing'oa na mizizi, maana kisiki huchipua tena. Glavu si anasa, shina lina miiba. Nao ndege hula matunda na kuangusha mbegu kwingine, hivyo palipong'olewa mwaka jana hurudiwa mwaka huu.

Kitaluni subira huhitajika zaidi. Mbegu nyingi za muhugu huwa tupu au zimeshaliwa na wadudu. Mwanafunzi aliyepanda kiganja kizima asishangae kupata miche michache.

Sasa inua macho: huenda ukawaona mbega, wale wenye mikia mirefu myeupe.